Ndugu wa Fisi ni Nani? Kumsaidia Mtoto Kuelewa Uainishaji wa Wanyama Mtandaoni

Wape wanafunzi majina matano: fisi, mbwa, paka, mbweha na nguchiro. Waambie wawapange wanyama hao kwa undugu wa damu, bila kufungua kitabu. Karibu darasa zima litamweka fisi na mbwa, na sababu watakazotoa zinaeleweka: pua ndefu, miguu ya kukimbia, taya nene, maisha ya kundi. Wakimtafuta mtandaoni watakuta wasilolitarajia. Fisi yuko upande wa paka, na walio karibu naye kuliko wote ni nguchiro na jamaa zao wa Madagaska.

Hapo ndipo somo la uainishaji linapoanza kunoga. Bahati mbaya watoto wengi hukutana nalo kama orodha: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi, kisha sifa za mamalia, sifa za reptilia, kisha mtihani. Mtandao ukitumiwa vibaya huongeza uchovu uleule, maana mtoto hunakili jedwali kutoka kwenye tovuti badala ya kulinakili kutoka ubaoni. Dawa yake, kwa maoni yangu, ni kubadili swali. Tusimuulize mtoto "mnyama huyu yuko kundi gani?" Tumuulize "ndugu yake wa karibu ni nani, na umejuaje?" Swali la kwanza lina jibu la kukariri. La pili linamlazimu autazame mwili wa mnyama, alinganishe, abashiri, kisha akahakikishe. Na zana bora za mtandaoni tulizo nazo leo zinalifaa hasa swali hilo la pili.

Mifumo miwili iliyobebana

Kinachowatatiza watoto, na mara nyingi wazazi na walimu wao pia, ni kwamba uainishaji tunaousoma ni mifumo miwili iliyowekwa mmoja juu ya mwingine bila kuambiwa.

Mfumo wa kwanza ni wa kupanga kwa kufanana. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliwagawa wanyama katika wenye damu na wasio nayo, akimaanisha damu nyekundu. Alikuwa ameshaona kwamba pomboo huvuta hewa na kunyonyesha. Baadaye sana alikuja Carolus Linnaeus wa Uswidi. Mwaka 1735 alichapisha orodha yake ya kwanza ya viumbe, akaendelea kuipanua, na toleo la 10 la mwaka 1758 ndilo ambalo wataalamu wa wanyama wanalihesabu kuwa mwanzo rasmi wa majina ya kisayansi. Katika toleo la kwanza, nyangumi aliwekwa pamoja na samaki. Katika lile la 1758 alikuwa ameshahamishiwa kwa mamalia. Mwambie mtoto habari hiyo mapema kabisa. Itamsaidia kujua tangu mwanzo kwamba jedwali lililo mbele yake limekuwa likisahihishwa na watu, na bado linasahihishwa.

Mfumo wa pili ni wa nasaba. Charles Darwin alipochapisha hoja yake ya mageuko mwaka 1859, kufanana kwa viumbe kulipata maelezo mapya: wanaofanana kwa undani wamerithi sifa hizo kwa mhenga mmoja. Mwaka 1950 Mjerumani Willi Hennig akaweka kanuni kali zaidi, kwamba kundi halali ni lile linalowajumuisha wazao wote wa mhenga mmoja bila kumwacha nje hata mmoja. Usomaji wa vinasaba uliofuata uliwapa wataalamu namna ya kuupima undugu huo hata pale maumbo yanapodanganya.

Majina ya ngazi yakabaki yaleyale ya zamani, maana yake ikabadilika. Mchukue fisi madoa. Himaya yake ni ya wanyama. Faila ni ya wenye ugwe wa neva mgongoni, ngeli ni mamalia, oda ni ya wala nyama, familia ni Hyaenidae, jenasi ni Crocuta, na spishi ni Crocuta crocuta. Kila ngazi ni duara ndani ya duara kubwa zaidi, na kila duara ni dai la ukoo. Ndiyo sababu panda anayekula mianzi yumo katika oda ya wala nyama, na yumo pia yule fisi mdogo ambaye chakula chake kikuu ni mchwa. Oda hiyo inahusu walikotoka, hata kama jina lake linataja mlo.

Jambo jingine ambalo vitabu vingi hulipita: ngazi zenyewe hazina kipimo. Familia ya fisi ina spishi 4 tu. Familia ya fukusi ina makumi ya maelfu. Mtoto akiuliza familia lazima iwe na ukubwa gani, jibu la kweli ni kwamba hakuna ukubwa uliowekwa. Wataalamu walikubaliana mahali pa kuchora mstari. Undugu upo katika maumbile. Ngazi ni makubaliano ya watu. Mtoto aliyeielewa tofauti hiyo hatatishika akikuta "familia ndogo" au "oda kuu" kwenye tovuti.

Kufanana kwa kazi na kufanana kwa ukoo

Kabla hamjawasha kompyuta, mtoto anahitaji kujua ni kufanana kupi kunakohesabika. Mfano ulio wazi zaidi ni bawa. Kipepeo, popo na ndege wote huruka. Mwonyeshe mtoto picha ya mifupa ya popo aitazame bila haraka. Ataona bega, kiwiko, kifundo cha mkono, kidole gumba kifupi chenye ukucha, na vidole vinne virefu mno vilivyotandikiwa ngozi. Ni mkono. Bawa la ndege nalo lina bega, kiwiko na kifundo, lakini vidole vimepungua na vingine vimeungana, na kazi ya kubeba hewa imeachiwa manyoya. Bawa la kipepeo halina mfupa hata mmoja.

Kwa hiyo popo na ndege ni ndugu kwa mkono, kwa sababu wote wamerithi mfupa wa bega na kiwiko kutoka kwa mhenga wa wanyama wa miguu minne. Kwa bawa si ndugu, kwa sababu kila mmoja alilipata kivyake. Mtoto akiweza kuieleza sentensi hiyo kwa maneno yake, ameshapita kikwazo kigumu kuliko vyote katika somo hili. Papa na pomboo watamjia kwa urahisi. Na mkasa wa fisi na mbwa pia: wawindaji wawili wanaokimbia mbali wamepata maumbo yanayokaribiana, ingawa koo zao ziliachana zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Wataalamu wa karne ya 19 waliligundua hilo kwa kuchunguza mifupa ya sehemu ya sikio kwenye fuvu. Vinasaba vilipokuja vikawaunga mkono.

Mti badala ya jedwali

Tovuti ambayo ningeitanguliza ni OneZoom. Ni ya bure, na imechora mti mmoja wa uhai wenye zaidi ya spishi milioni 2 ambao mtoto anaweza kuukuza kwa vidole kama ramani. Kila jani ni spishi. Kila panda ya tawi ni mhenga, na panda nyingi zimeandikwa makadirio ya ni miaka mingapi iliyopita mhenga huyo aliishi. Rangi za majani huonyesha spishi zilizo hatarini na zisizo hatarini. Maandishi mengi ni ya Kiingereza, lakini hapa hilo halizuii sana, kwa sababu kinachosomwa ni umbo la mti, tena majina ya kisayansi ni yaleyale kwa lugha zote.

Zoezi lenyewe ni hili. Mtoto aandike ubashiri wake kwenye daftari: fisi yuko karibu zaidi na nani? Kisha atafute Crocuta crocuta. Atajikuta kwenye jani moja, akiwa amezungukwa na fisi wengine watatu. Arudi nyuma kidogokidogo, panda moja baada ya nyingine, na kila panda aandike ni nani wameingia kwenye picha. Nguchiro wataingia mapema. Paka, simba na chui watafuata. Mbwa na mbweha watachelewa sana, na watakapoingia watakuja pamoja na dubu na sili. Hapo ndipo mtoto hugundua mwenyewe jambo ambalo hakuulizwa: sili ni wa upande wa mbwa.

Msimwambie jibu kabla hajafika. Mwalimu anayesema "fisi ni jamii ya paka" amempa mtoto habari moja. Mtoto aliyetembea kwenye mti ameona kwamba "jamii ya paka" ni tawi lenye mapanda, kwamba fisi hakutoka kwa paka wala paka hakutoka kwa fisi, na kwamba wote wawili wana mhenga ambaye hakuwa fisi wala paka.

Baada ya fisi, jaribuni pimbi. Mnyama huyo ana ukubwa wa sungura na kwa mbali anafanana na panya mnene. Ndugu zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Mtoto akikataa kuamini, na ni vizuri akatae, mtafutieni picha za fuvu. Tovuti ya Animal Diversity Web, inayoendeshwa na Makumbusho ya Zoolojia ya Chuo Kikuu cha Michigan, ina picha za mafuvu ya mamalia wengi, na kila mnyama ana ukurasa unaoonyesha uainishaji wake. Meno ya mbele ya juu ya pimbi huendelea kukua maisha yote na kutokeza kama pembe ndogo; pembe za tembo nazo ni meno ya mbele ya juu. Kucha zake nyingi zina umbo la kwato. Dalili mojamoja haitoshi kuthibitisha ukoo, na mtoto aambiwe hivyo, lakini dalili kadhaa zikielekea upande mmoja na vinasaba vikakubali, hoja inasimama.

Kiboko ni wa tatu. Wengi watambashiria nguruwe. Ndugu yake wa karibu aliye hai ni nyangumi.

Tovuti zinapopingana

Mtoto akitafuta mnyama mmoja kwenye tovuti mbili, mapema au baadaye atakuta majibu tofauti. Watu wazima wengi hukimbilia kumwambia moja ni sahihi na nyingine imekosea. Mara nyingi si hivyo, na mahali pa mgongano ndipo penye mafunzo mengi kuliko ukurasa wowote uliokamilika.

Tembo wa Afrika ni mfano mzuri. Kurasa za zamani zitasema ni spishi moja. Mwaka 2021 Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilianza kuwatathmini kama spishi mbili: tembo wa savana, Loxodonta africana, na tembo wa msituni, Loxodonta cyclotis. Kwa twiga hali ni ileile. Linnaeus alimpa jina mwaka 1758, na kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa spishi moja yenye aina kadhaa. Mwaka 2016 utafiti wa vinasaba ulidai ni spishi nne, ubishi ukaendelea, na mwaka 2025 IUCN ikazikubali zote nne. Tembo na twiga hawakubadilika katika miaka hiyo. Ushahidi ndio uliongezeka, na watu wakahamisha mstari.

Mgongano wa aina ya pili hutokana na ile mifumo miwili niliyoieleza. Tovuti moja itampa nyangumi oda yake peke yake. Nyingine itamweka katika oda moja na kiboko, ng'ombe na twiga. Ya kwanza imefuata mazoea ya zamani. Ya pili imefuata kanuni ya Hennig: ukishakubali kwamba kiboko yuko karibu na nyangumi kuliko alivyo karibu na ng'ombe, huwezi kuwaweka kiboko na ng'ombe kundi moja ukamwacha nyangumi nje.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoleta suala gumu kuliko yote darasani, la ndege na reptilia. Kitabu cha shule kinasema reptilia ni ngeli moja na ndege ni ngeli nyingine. Mti unaonyesha kwamba mamba yuko karibu zaidi na ndege kuliko na mjusi. Moyo wa mamba una vyumba vinne kama wa ndege, na mamba jike hulinda kiota chake. Kwa mujibu wa nasaba, basi, ndege ni tawi mojawapo ndani ya reptilia. Nafahamu wasiwasi wa mzazi hapa: mtihani unataka jibu la kitabu. Mtoto anaweza kubeba yote mawili ikiwa ameelezwa kwamba kitabu kinapanga kwa kufanana kwa nje, magamba upande huu na manyoya upande ule, na mti unapanga kwa ukoo. Watoto hawachanganywi na majibu mawili yenye sababu. Kinachowachanganya ni majibu mawili yasiyoelezwa.

Wakikuta mgongano, waulize maswali matatu kwa utaratibu: ukurasa uliandikwa au kusahihishwa lini, nani ameuandika, na anatoa ushahidi gani. Wikipedia ya Kiswahili inasaidia sana hapa kwa sababu kurasa zake nyingi za wanyama zina kisanduku cha uainishaji chenye istilahi za Kiswahili, kuanzia himaya mpaka spishi, na ukurasa wa historia unaoonyesha tarehe ya kila badiliko. Watoto wachache huonyeshwa ukurasa huo wa historia. Wanastahili kuonyeshwa.

Jina la kisayansi ndilo ufunguo wa kuhama kati ya tovuti. Sheria zake ni chache: maneno mawili, la kwanza jenasi kwa herufi kubwa, la pili kwa herufi ndogo, yote kwa mlazo. Mtoto akilinakili jina hilo mara moja na kulibandika kwenye kisanduku cha kutafutia, atampata mnyama yuleyule popote aendapo, hata kama tovuti ni ya lugha asiyoijua.

Kamera inapobashiri

Programu za simu za kutambua viumbe kwa picha zimeleta msisimko mkubwa kwa watoto, na msisimko huo unaweza kufundisha au kupumbaza, kutegemea mnavyozitumia. Kwa watoto wadogo ningeanza na Seek, iliyotolewa mwaka 2018 na watu wa iNaturalist, jukwaa la kurekodi viumbe nitakalolieleza baadaye. Haihitaji kufungua akaunti, na haipakii picha mtandaoni isipokuwa mtumiaji aamue.

Kuna kitu kidogo kwenye skrini ya Seek ambacho watumiaji wengi hawakitilii maanani, nacho ni nukta saba zilizopangwa mstari mmoja. Nukta hizo ni zile ngazi saba. Mtoto akiielekeza kamera kwa panzi, nukta ya kwanza hujaa: mnyama. Ya pili hufuata, arithropodi. Ya tatu, mdudu. Ya nne, oda ya panzi na jamaa zake. Mara nyingi hapo inakwama; mtoto anasogeza simu, anazunguka upande, anatafuta mwanga, na nukta ya tano inajaa au inagoma. Ni uainishaji ukitendeka mbele ya macho yake, duara likipungua kwa kadiri ushahidi unavyoongezeka. Anaona kwamba kusema "ni mdudu" kunahitaji ushahidi mdogo na kutaja spishi kunahitaji mwingi, na kwamba kusimama kwenye familia ni jibu halali.

Programu ya namna hii imefunzwa kwa picha. Spishi zilizopigwa picha nyingi inazijua vizuri. Zilizopigwa chache haizijui, au inazifananisha na zile inazozijua. Kwa hiyo weka kanuni moja: jina lolote ambalo simu imelitoa liambatane na sababu mbili ambazo mtoto ameziona kwa macho yake. Kama simu imesema buibui, hesabu miguu. Miguu 6 ni mdudu. Miguu 8 ni ukoo wa buibui, nge na kupe. Kaa ana 10, ukihesabu na magando. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili ya mwili, na jongoo ana jozi mbili kwa pingili nyingi. Kisha mletee kiwavi, umwache ahangaike. Miguu halisi ya kiwavi ni 6, iko mbele karibu na kichwa. Vile vingine vinavyoonekana kama miguu ni vijinundu laini vya kushikia. Kila kanuni ya utambuzi ina mnyama wa kuitikisa, na mtoto atajifunza mengi kwa mnyama huyo.

Kuhusu wadudu, nadhani tunawanyima nafasi wanayostahili. Mamalia wote duniani ni spishi kama 6,500. Wadudu waliokwisha kupewa majina wanakaribia milioni 1. Mtoto anayefundishwa uainishaji kwa simba, tembo na pundamilia pekee amefundishwa kona moja ndogo ya mti. Tena wadudu wana faida ambayo simba hana: mtoto anaweza kumtazama mmoja kwa karibu kwa nusu saa nzima, akahesabu mabawa, akalinganisha vipapasio, akachora.

Kwa wenye umri mkubwa zaidi ipo iNaturalist yenyewe. Hapo mtu hupakia picha yenye tarehe na mahali, hupendekeza jina, na watu wengine huthibitisha au kupinga. Zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa utambulisho wakikubaliana juu ya spishi, rekodi hupanda daraja, na nyingi kati ya hizo huingia katika kanzidata ya kimataifa ya GBIF inayotumiwa na watafiti. Mtoto aliye chini ya miaka 13 anahitaji idhini ya mzazi kuwa na akaunti. Jingine la kuangalia ni mahali: picha iliyopigwa nyumbani au shuleni hubeba alama ya eneo. Programu ina chaguo la kuficha eneo kamili, na mtu mzima ahakikishe limewashwa kabla ya picha ya kwanza kupakiwa.

Sauti nazo ni ushahidi. Xeno-canto, iliyoanza mwaka 2005, ina rekodi za bure za sauti za ndege kutoka pande zote za dunia, na Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell hubashiri ndege kwa kusikiliza. Palipo na mtandao hafifu, Kiwix inawezesha kupakua Wikipedia nzima au sehemu yake na kuisoma bila kuunganishwa. Ni suluhisho zuri kwa kompyuta moja inayotumiwa na darasa zima.

Picha za kubuniwa zinahitaji neno. Akili mnemba sasa inatengeneza mnyama asiyekuwepo kwa sekunde chache, na picha hizo zinasambaa zikiwa na maelezo ya kisomi. Mzoeshe mtoto kuuliza picha imepigwa wapi, lini, na nani. Rekodi za kitaalamu huwa na majibu hayo matatu. Kama hayapo, picha hiyo isiwe ushahidi wa chochote. Hata hivyo jambo la ajabu linaweza kuwa la kweli: mwaka 1799 George Shaw wa Uingereza alipochunguza ngozi ya platipasi kutoka Australia, mnyama mwenye mdomo kama wa bata, alishuku kwamba mtu ameunganisha viungo vya wanyama wawili. Platipasi yupo, anataga mayai, na ananyonyesha bila chuchu, maziwa yakitokea kwenye ngozi ya tumbo.

Kazi ya kweli kwa darasa zima

Mwaka 2012, kwenye jukwaa la Zooniverse, ulifunguliwa mradi wa Snapshot Serengeti. Watafiti walikuwa wametega kamera 225 katika Hifadhi ya Serengeti, zikipiga picha zenyewe kila kitu chenye joto kinapopita mbele yake. Picha zikawa mamilioni, kazi ambayo watafiti wachache wasingeimaliza. Wakawaomba watu wa kawaida wasaidie. Zaidi ya watu 28,000 walijitokeza. Kila seti ya picha ilionyeshwa kwa watu kadhaa, kila mmoja akijibu peke yake, kisha majibu yakaunganishwa. Matokeo yalipolinganishwa na ya wataalamu, spishi zilikuwa zimetambuliwa kwa usahihi wa asilimia 96.6. Hakuna mmoja wao aliyehitaji kuwa mtaalamu. Usahihi ulitokana na wengi kutazama kitu kimoja bila kuchunguliana majibu.

Zooniverse ina miradi mingine ya kamera za namna hiyo, na mwalimu anaweza kuiga utaratibu huo kwa picha chache tu. Chagua picha za swala tomi na swala granti, wawili wanaochanganywa sana. Mpe kila mwanafunzi picha zilezile na karatasi yake, ajaze peke yake bila kunong'ona na jirani: spishi gani, wangapi, wanafanya nini, na ni alama gani imemwongoza. Kisha bandikeni majibu yote ukutani.

Wengi wataandika kwamba mstari mweusi ubavuni ndio uliowaamulia, kwa sababu swala tomi anao, tena mzito. Zitazame picha ambazo majibu yamegawanyika. Huenda utakuta swala granti wachanga au majike, ambao baadhi yao wana mstari ubavuni, na mgawanyiko utaeleweka. Warudishe kwenye picha hizo na uwaelekeze watazame makalio. Kwa swala granti weupe wa makalio hupanda juu ya mkia mpaka mgongoni. Kwa swala tomi huishia chini ya mkia. Waache wajaze karatasi ya pili, kisha hesabuni ni picha ngapi bado zina ubishi.